Keki ya Ahadi ya Maji

Nchi yetu ni nzuri, na asiyekubali anajulikana anakokaa. Jina la nchi yenyewe sitalitaja, wala si kwa woga. Kwa sasa haina jina. La zamani lilifutwa kwa sababu lilikuwa linawakumbusha watu mambo ya zamani, na jipya liko kwenye kamati inayokutana kila mwezi katika hoteli yenye upepo mzuri. Mpaka kamati imalize, tunaiita Nchi tu, na barua zinafika.

Kila kitu kinafika, kusema kweli, isipokuwa maji.

Miaka kumi iliyopita Mlezi Mkuu, ambaye ndiye kiongozi wetu na hatujawahi kusumbuliwa na mwingine, alipanda juu ya meza ya muuza nyanya sokoni akaahidi kwamba ndani ya siku mia moja maji yatatoka katika kila nyumba. Siku ya tisini na nane mabomba yakaja. Kila nyumba ikafungiwa jikoni bomba la shaba linalong'aa, zuri kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba hiyo. Maji yenyewe, tuliambiwa, yako njiani, na kwa kuwa njia ni ndefu tusiyaharakishe. Tukatii. Tunachota kisimani Mkwajuni, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na kila Jumamosi tunasugua mabomba kwa majivu na ndimu, maana bomba lenye vumbi ni dalili ya kukata tamaa, na kukata tamaa ni kosa chini ya kifungu cha sita.

Katika mtaa wetu anakaa Bi Sikudhani, mwoka keki. Kwa miaka kumi na tisa keki zote za mtaa zimetoka katika jiko lake la mkaa: mchanga chini, sufuria katikati, mfuniko juu, na makaa juu ya mfuniko. Mumewe alipofariki alimwachia watoto wanne na jiko hilo, na jiko hilo ndilo lililowasomesha wote wanne. Ukipita dirishani kwake siku ya Ijumaa unasikia harufu ya iliki na ganda la chungwa, unakumbuka kwamba una tumbo.

Kisha zikaja Kanuni za Usafi wa Mapishi ya Nyumbani. Zilisema hairuhusiwi kupika chakula cha sherehe katika jiko ambalo bomba lake halina maji. Ni kanuni nzuri, mimi mwenyewe naiunga mkono. Aliyepewa kazi ya kuitekeleza ni Afisa Pazi, kijana wa mtaa wa pili, mwenye kamba, nta nyekundu na muhuri. Nchi haijawahi kupata mtumishi kama Pazi. Siku ya kwanza alifunga jiko la mama yake kwa lakiri. Siku ya pili alifunga la mkewe. Tangu hapo anakula ndizi mbivu, amesimama, na hana kinyongo na mtu.

Siku alipofika kwa Bi Sikudhani nilikuwa mlangoni.

"Mama," akasema, "bomba lako lina maji?"

"Pazi, mwanangu, kwenu lina maji?"

"Kwetu nimeshafunga. Nauliza hapa."

"Halina. Na wewe unajua halina."

"Kujua si kazi yangu, mama. Kazi yangu ni kuuliza."

Akafungua bomba kwa vidole viwili. Bomba likakohoa kama mzee anayetaka kupishwa, likanyamaza. Pazi akalizungushia jiko kamba, akadondosha nta, akagonga muhuri.

"Ukikata hii ni miezi sita, bila kuangalia sura ya mtu."

"Na keki ya harusi iliyomo ndani?"

Pazi akafikiri. "Imo ndani ya jiko?"

"Imo. Imebakiza dakika kumi."

"Basi imefungwa nayo."

Mtaa mzima ulinusa keki hiyo ikiungua mpaka magharibi. Maharusi wakakata mkate wa siagi, na picha zao zipo.

*

Miezi mitatu ikapita, Bi Sikudhani akiuza karanga. Ndipo Waziri wa Matarajio, Mheshimiwa Kilumbi, alipogundua kwamba Ahadi ya Maji inakaribia kutimiza miaka kumi. Akaita kamati. Mimi nilikuwepo kwa sababu ya ushairi wangu, ambao ulikuwa unakaguliwa siku hiyo hiyo. Ushairi nimejifundisha mwenyewe, kwa kuhesabu mizani vidoleni nikienda na kurudi kisimani, na katika Nchi hii sijamwona anayenizidi. Ila hilo si la leo.

"Ndugu wajumbe," Waziri alisema, akiwa amefunga macho kwa utamu wa sauti yake, "tazameni nchi za jirani. Ahadi zao zinakufa changa. Ina mwaka mmoja, miwili, mara imetimizwa, imekwisha, hata sura yake watu wameisahau. Yetu imeishi. Imekua. Haijamsumbua mtu, haijavunja kitu. Leo ina miaka kumi. Hatuifanyii sherehe?"

Wajumbe walipiga makofi, na mmoja akafuta machozi kwa ratiba.

Tatizo lilikuwa keki. Majiko yote ya Nchi yalikuwa yamefungwa na Pazi, mpaka ya viwandani, isipokuwa la Ikulu, ambalo hupika pilau tu. Wakapekua daftari wakaona lakiri ya Bi Sikudhani ndiyo mpya kuliko zote, hivyo itabanduka kwa urahisi. Akaitwa.

"Mama," Waziri akamwambia, "utaoka keki ya Taifa. Ikienda vizuri, jiko lako halifungwi tena maisha. Ikienda vibaya, jiko litachukuliwa na kupondwa, na wewe utapelekwa wanakopelekwa wenye majiko yaliyopondwa."

"Nimesikia, baba. Mnataka keki ya namna gani?"

"Ya ghorofa kumi, moja kwa kila mwaka. Iwe ndefu kuliko mimi na fupi kuliko Mlezi Mkuu."

Wajumbe wakaanza kupimana kwa macho, maana Waziri ni mrefu kama nguzo ya simu na Mlezi Mkuu anamfika kifuani. Baada ya saa mbili za mjadala Waziri alikubali kupimwa akiwa amekaa.

Bi Sikudhani aliwaeleza mambo ya kazi yake bila kuficha. Ghorofa kumi za keki ya kweli zitabonyezana, na siku ya sherehe itabaki chapati. Kwa hiyo waokaji hufanya hivi: ghorofa hutengenezwa kwa sponji ya godoro, zikapakwa krimu ya sukari mpaka mtu asijue. Katika ghorofa moja mwoka keki hukata dirisha dogo, akaingiza kipande kimoja cha keki halisi, akaweka alama ya ua jekundu. Mwenye sherehe hukata penye ua, akalisha wageni wakubwa, na wengine huletewa keki za trei kutoka nyuma.

"Harusi zote kubwa mlizokwenda," akamalizia, "mmepiga makofi mbele ya godoro."

Nilidhani atakamatwa. Waziri alisogeza kiti karibu naye.

"Yaani kipande kimoja kidogo ni cha kweli," akasema polepole, "na kilichobaki chote ni pambo. Na watu wanatazama pambo, na mkubwa anakata penye ukweli."

"Ndiyo, baba."

"Mama, uongozi umesomea wapi?"

Ikapitishwa bila kupingwa. Sponji ilitolewa na hospitali ya wilaya, magodoro kumi, na wagonjwa waliombwa waionee fahari sakafu.

Kuhusu shairi langu, lilikuwa na beti kumi. Kamati ilikata tisa. Ubeti mmoja ulipita kwa kuwa mwenyekiti aliusoma akiwa na njaa. Huu hapa, na asiyeamini ahesabu mizani mwenyewe:

Tumekuja kwa ulaji, mwaka wa kumi wafika,
Yasifiwa kila mji, kila bomba limewaka,
Sisi ndio wahitaji, koo zetu zakauka,
Ishi, Ahadi ya maji, udumu bila kufika.

Waliuliza kwa nini koo zakauka. Nikasema ni kwa kushangilia. Wakaandika pembeni: "Sawa."

*

Siku moja kabla ya sherehe lakiri ilibanduliwa mbele ya mashahidi sita. Bi Sikudhani aliwasha mkaa kama anayempokea mtoto kutoka safarini. Aliyakata magodoro yakawa ya mviringo, akayapanga, akayapaka krimu nyeupe mpaka yakang'aa kama meno. Katika ghorofa ya sita alikata dirisha, akaingiza kipande cha keki ya iliki na chungwa, akaziba kwa krimu, akabandika ua jekundu. Juu kabisa akasimamisha bomba dogo la sukari.

"Lingetoa maji kidogo," Waziri alipendekeza. "Ya kweli. Yateremke ghorofa hadi ghorofa."

"Maji yakigusa sukari hii, baba, yataibomoa yote."

"Miaka kumi hii, mama, sijawahi kusikia malalamiko kwamba maji yamebomoa kitu."

"Ni kwa sababu hayajafika."

Waziri alicheka kidogo, kisha akaacha, kisha akasema wazo la maji liahirishwe.

Asubuhi ya sherehe, keki ikiwa jukwaani, Mkuu wa Itifaki alikuja kukagua mapambo. Ni mtu mwembamba anayetembea kama anakanyaga mayai. Alizunguka keki mara tatu, akasimama mbele ya ua.

"Hili ni jekundu."

"Ndiyo, afande," akajibu mlinzi.

"Nyekundu ni rangi ya kusimama. Nchi inasonga mbele. Na kwa nini liko peke yake? Ua la peke yake ni la upinzani."

Aling'oa ua jekundu, akapaka krimu palipobaki tundu, akabandika maua ya kijani kumi na mawili kuzunguka ghorofa yote, kwa nafasi sawa sawa. Alirudi nyuma hatua nne, akaridhika. Bi Sikudhani hakuyaona hayo. Alikuwa amewekwa nyuma ya kamba ya waalikwa wa daraja la mwisho, na jagi lake la maji ya kulowanishia kisu cha krimu, maji ya Mkwajuni aliyoyabeba mwenyewe, ambayo walinzi waliyaruhusu kwa kuwa yaliandikwa "vifaa vya keki." Hatua mbili kutoka kwake alisimama Afisa Pazi, kamba mkononi, tayari kwa lolote litakaloamuliwa kuhusu jiko.

*

Uwanja ulijaa. Mbele ya jukwaa yalipangwa mabomba kumi ya shaba, na katika kila mdomo wa bomba uliingizwa utepe wa satini ya buluu, ukateremka mpaka chini kama maji. Kwa mbali ungeapa. Mtoto mmoja alikimbia na kikombe, akarudishwa.

Kwetu, mwenye siku yake hukata keki, akawalisha wageni kwa kijiti, mmoja mmoja kwa cheo, kisha mkubwa wa wageni naye humlisha yeye. Baada ya hapo humwagiwa maji mpaka alowe, ndipo siku imekamilika. Kwa kuwa mwenye siku alikuwa Ahadi, na Ahadi haina mdomo, Mlezi Mkuu angekula kwa niaba yake. Na kwa kuwa maji hayakuwepo, kipengele cha kumi na nne cha ratiba kilisema: "Mwoka keki kuimwagia Ahadi maji makavu." Maana yake, jagi tupu lingeinamishwa, na wananchi wangesema "shwaa" kwa pamoja. Tulifanya mazoezi wiki nzima.

Nilisoma ubeti wangu. Mlezi Mkuu alipiga makofi mawili. Kisha akapewa kisu.

Alitazama maua kumi na mawili, akachagua lililokuwa karibu naye. Kisu kilizama, kikarudi. Akasukuma tena, kikarudi tena. Hapo akaanza kukata kama anayekata ubao, mikono miwili, na bendi ikaongeza mwendo ili ifanane.

Nyuma ya kamba Bi Sikudhani alishika kichwa.

"Mwanangu," akamwambia mlinzi, "ua langu limekwenda wapi? Anakata godoro."

"Mama, umeruhusiwa kusimama. Hujaruhusiwa kuona."

Mlezi Mkuu alinyofoa vipande, akavichoma kijiti kimoja kimoja. Wa kwanza kulishwa alikuwa Waziri wa Matarajio. Waziri alifumba mdomo, akatafuna. Uso wake ulibadilika mara tatu, kama mtu anayesoma barua ya kuachishwa kazi.

"Ikoje?" Mlezi Mkuu aliuliza, na kipaza sauti kikaipeleka Nchi nzima.

"Tamu, Mheshimiwa."

"Mbona humezi?"

"Naionea huruma, Mheshimiwa. Utamu kama huu haumezwi upesi."

Wa pili alikuwa Waziri wa Ulinzi. "Tamu," akasema bila kufungua meno. Wa tatu akasema tamu. Wa nne, ambaye ni Waziri wa Afya, alitafuna mara mbili, akasita, kama aliyekutana na kitu anachokifahamu, kisha akasema tamu sana. Mawaziri wote thelathini na mmoja walilishwa, wote wakasema, na kwa robo saa redio ya taifa ilirusha moja kwa moja sauti ya serikali ikitafuna.

Sasa ikawa zamu ya Waziri kumlisha Mlezi Mkuu. Alikichukua kijiti. Jasho lilimtoka. Akimlisha godoro, amemlisha godoro. Asipomlisha, amekiri kwamba alichokiita tamu si kitamu. Alisimama hivyo mpaka bendi ikaishiwa wimbo, kisha akapata akili iliyomfanya awe Waziri.

"Heshima hii," akasema, sponji ikiwa shavuni, "si yangu. Ni ya wananchi. Aitwe mama mwoka keki."

Bi Sikudhani alipanda jukwaani na jagi lake. Alilitua chini, akachukua kisu. Akaanza kuizunguka keki akibonyeza chini ya kila ua kwa kidole, kama daktari anayetafuta wengu. Ua la kwanza hapana, la pili hapana. Chini ya ua la saba kidole kilizama na kubaki. Akakata. Kipande kikatoka cha manjano, na harufu ya iliki ikateremka mpaka kwetu daraja la mwisho. Akamlisha Mlezi Mkuu kwa mkono, kama mama.

Mlezi Mkuu alitafuna mara mbili, akameza. Kwa kitambo kidogo uso wake ukawa wa mtoto wa miaka sita. Halafu akawatazama mawaziri wake. Wote thelathini na mmoja walikuwa bado wanatafuna.

"Mama, yangu imekwisha," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Yao haijaisha."

"Ndiyo, baba."

"Robo saa nzima wanakula, na mimi nimetafuna mara mbili tu. Wao wamepewa ipi?"

Waziri wa Matarajio alitazama mawingu.

"Nikatie hiyo wanayokula wao. Na kipande kikubwa."

"Hiyo si ya kula, Mheshimiwa," akasema Bi Sikudhani.

"Wao wanaila."

"Wanaila kwa sababu umewalisha wewe."

"Basi na wewe nilishe mimi."

Akamlisha. Angemwambia nini tena mtu aliyekwisha ambiwa? Mlezi Mkuu alitafuna. Akatafuna. Akageuzia shavu la pili, kama anayehamisha mzigo begani. Macho yakamtoka. Akajaribu kumeza, ikakataa kwenda wala kurudi, na ndipo kutoka mdomoni mwake, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, likatoka neno "maji" bila "yatakuja" nyuma yake.

Waziri alirukia bomba la kwanza. Kwanza ilibidi autoe utepe; akavuta, akavuta, ukaja mita nyingi kama kitambaa cha mfanya mazingaombwe. Akafungua. Bomba likakohoa. La pili likakohoa. La tatu likapiga mluzi. Kufika la tano wananchi walikuwa wanahesabu kwa sauti: "Tano... sita... saba..." La kumi halikukohoa hata kidogo; lilitoa buibui, akatazama umati, akarudi ndani.

"Pazi, mwanangu," akasema Bi Sikudhani, "umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Afisa Pazi alipanda jukwaani, akanyoosha shati.

"Mheshimiwa Waziri, mabomba haya yana maji?"

"Pazi, usilete upuuzi, huoni hali?"

"Kuona si kazi yangu. Chakula cha sherehe kimeliwa hapa. Pilau la wageni limepikwa jiko la Ikulu. Bomba la Ikulu lina maji?"

Waziri alifungua mdomo, sponji ikaonekana, akaufunga. Pazi alisubiri jibu kwa adabu, hakulipata, akateremka, akashika njia ya Ikulu, kamba mkononi. Askari wa geti walimwona ana muhuri wakampisha.

Mlezi Mkuu alikuwa anageuka rangi. Bi Sikudhani aliinua jagi, akamshika kisogo, akamnywesha. Nusu jagi ilikwenda. Kitu kikateremka, Nchi nzima ikasikia kikiteremka. Hakuna aliyesema asante, kwa kuwa haikuwa kwenye ratiba. Waziri alimsogelea Bi Sikudhani na kumnong'oneza karibu na kipaza sauti, alichokuwa amekisahau:

"Jiko lako nitalikanyaga kwa miguu yangu mwenyewe."

Mshereheshaji, maskini, alikuwa na kazi moja tu, kusoma. "Kipengele cha kumi na nne," akasoma. "Mwoka keki kuimwagia Ahadi maji makavu."

Bi Sikudhani alitazama jagi. Lilikuwa na nusu. Nadhani alikuwa anawaza jiko: lile kovu la moto ubavuni, na watoto wanne waliosoma kwa lile jiko, na kwamba limeshakwenda. Alipanda juu ya kiti cha Mkuu wa Itifaki, akaimwagia Ahadi maji, taratibu, kuanzia juu, kama tunavyofanya.

"Shwaa," tukasema, kwa sababu tulifanya mazoezi.

Bomba la sukari likainama kwanza. Krimu ikaanza kuteremka, ghorofa baada ya ghorofa, nyeupe, nzito, na maua ya kijani yakisafiri juu yake. Ilipofika chini ilikuwa imeacha wazi magodoro kumi yaliyopangwa kwa adabu, kila moja na muhuri wa buluu: MALI YA HOSPITALI YA WILAYA, WODI YA WAZAZI.

Kisha sauti ya mama mmoja, mahali fulani nyuma yangu:

"La tatu kutoka chini nimelilalia mimi. Lile doa ni la mwanangu."

Uwanja mzima ukacheka, na kicheko hakijui kifungu cha sita.

*

Bi Sikudhani alikamatwa saa ile ile. Shtaka lilikuwa kuilisha serikali godoro. Ni shtaka zito, na lilihitaji shahidi mmoja tu aliyekula. Mwendesha mashtaka alikwenda kwa mawaziri mmoja mmoja. Kila mmoja alijibu kwamba alichokula yeye kilikuwa kitamu, alishasema hivyo mbele ya Mlezi Mkuu, na hana tabia ya kumdanganya. Alipomfikia Mlezi Mkuu mwenyewe aliulizwa kama anataka kusikia kwamba kiongozi wa Nchi aliomba godoro, tena kipande kikubwa. Hakutaka. Siku ya tatu faili likafungwa kwa kukosa godoro.

Siku hizo tatu Ikulu hakukuwaka moto. Lakiri ya Pazi ilikuwa jikoni, na kanuni, iliyosainiwa na Mlezi Mkuu kwa kalamu yake, inasema anayekata ni miezi sita, bila kuangalia sura ya mtu. Wapishi walikataa. Mlinzi akakataa. Mlezi Mkuu alikula ndizi mbivu, amesimama. Asubuhi ya nne ikatoka amri: kuanzia leo, bomba lolote lililokwisha ahidiwa maji litahesabiwa lina maji.

Kwa amri hiyo majiko yote ya Nchi yakafunguliwa, la Bi Sikudhani likiwemo, maana kuliponda kungekuwa kukiri kwamba keki ilikwenda vibaya. Na kwa amri hiyo hiyo Ahadi ikawa imetimizwa, maana kila nyumba sasa ilikuwa na maji kisheria. Waziri wa Matarajio alilia redioni kama baba aliyefiwa. Magodoro yalirudishwa hospitalini yakiwa ya mviringo, na wazazi wanalala wamejikunja, jambo ambalo Waziri wa Afya amesema linasaidia mgongo.

Sisi bado tunakwenda Mkwajuni. Tofauti ni kwamba tukirudi na ndoo, tukiulizwa tumebeba nini, inatubidi tufikiri.

Wiki iliyopita Afisa Pazi alifika kwa Bi Sikudhani kutoa kibali. Jiko lilikuwa linawaka, kovu lake la moto ubavuni. Pazi alichukua kikombe, akafungua bomba. Likakohoa. Aliweka kikombe chini yake, akangoja kwa subira kiasi kinachotosha kikombe kujaa, akafunga, akapeleka mdomoni, akanywa mpaka mwisho. Akapangusa midomo.

"Ya baridi," akasema, akagonga muhuri.

"Asante, mwanangu. Usiondoke mkono mtupu."

Dirishani kwake Bi Sikudhani ana keki ya maonyesho, ghorofa moja, mabaki ya kile alichokata kwenye magodoro, imepakwa krimu mpya. Alichukua kisu, akaikata kwa nguvu kidogo, akamwekea Pazi kipande kwenye kisahani.

Pazi alikitazama kipande. Akamtazama Bi Sikudhani. Alijua, lakini kujua si kazi yake. Akatia mdomoni, akaanza kutafuna, na tulimsikia akienda nayo mpaka kona ya mtaa wa pili.

Mimi nilibaki mlangoni, nikingoja ya kweli iive.